Mzee Orest Haoni, Nami Nimemfichia

Mshauri mpenzi, nishike mkono maana nimekwama, na kila ninayeweza kumwambia ni mfanyakazi wangu.

Mimi ni mkurugenzi wa kampuni ya ulinzi hapa Thunder Bay, tuna walinzi mia mbili na kumi, tunalinda hospitali, chuo, maghala ya nafaka bandarini na nyumba za wazee mpaka kule Kenora, na kazi hii yote nilifundishwa na mtu mmoja, Mzee Orest Hnatiuk, ambaye nilipoajiriwa nikiwa na miaka kumi na tisa, sina wazazi wala viatu vya baridi, alinitazama miguu akasema, "Mlinzi wa miguu baridi halindi mtu," na kesho yake akaniletea viatu vya marehemu mke wake. Alinifundisha kusimama, kumsemesha mlevi bila kumgusa, kuandika ripoti isiyo na majivuno. Mwanzilishi alipostaafu mwaka juzi akaniachia kiti, wanaume walinung'unika, na Orest ndiye aliyesimama kikaoni akasema, "Haya bosi, tupange zamu."

Sasa sikia. Wiki mbili zilizopita, saa nne asubuhi, Bi Elvira, mkaazi wa nyumba ya wazee tunayoilinda, ambaye kumbukumbu zimemtoka na haruhusiwi kutoka peke yake, alitoka mlango wa mbele na sweta na ndara kwenye baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri, akaokotwa na dereva wa basi baada ya dakika kumi na tano, vidole vimeanza kuwa vyeupe. Ni mzima, nashukuru. Mlango ulikuwa wa Orest. Ripoti yake ilisema alikuwa chooni. Nikamwuliza, "Chooni muda wote huo, mzee?" Akasema, "Uzee, bosi. Niandikie onyo yaishe."

Lakini niliangalia kamera, inayonasa na sauti. Hakwenda chooni. Alikuwa amesimama palepale, bibi akamjia na ule utepe mwekundu mkononi wa wasioruhusiwa kutoka peke yao, ambao kila mlinzi anaujua, na Orest akamvulia kofia, akamfungulia mlango akamwambia, "Siku njema mama, angalia barafu." Nilirudia mara sita. Hakumwona, alidhani ni mgeni anayeondoka. Mzee wangu haoni, mshauri, na afadhali kwake aitwe mzembe kuliko kipofu. Nikamwuliza Delphine, mwenzake wa zamu, akaanza kulia, kumbe karibu mwaka sasa yeye na wenzake wanamwandikia ripoti na kumnong'oneza majina ya watu, naye anakariri sauti na hatua zao. "Tungefanyaje, bosi? Ni Orest!"

Binti ya Bi Elvira ameomba picha za kamera. Nimemwambia kamera ilikuwa mbovu. Uongo ule ulinitoka kabla sijaufikiria. Nikimwachisha kazi nitakuwa nimemuua, hana mtu mwingine duniani, nikinyamaza naye akamfungulia bibi mwingine je? Nifanye nini?

Aili, Thunder Bay

*

Aili,

Nimekusoma chai ikiwa mkononi mpaka ikapoa. Unampenda huyo mzee, na upendo huo hauna kasoro. Kasoro iko kwingine. Barua nzima umemlilia Orest, umejililia na wewe, na yule bibi wa ndara umempa mistari michache tu. Binti yake analala vipi? Hajui kama mama yake alisahauliwa, alifukuzwa au alitoroka. Jibu unalo wewe, umelifungia kabatini.

Kuishiwa na macho si kosa. Kosa ni kudanganya, na hapo mmekuwa wengi: Orest, Delphine, na mkubwa wao. Tena nikuulize, bosi: kampuni yako hukagua vifungo vya sare na kung'aa kwa viatu, mara ya mwisho kumpima mtu macho ilikuwa lini? Usimtwike mzee mzigo wote. Sehemu ni yako, ibebe.

Haya, futa machozi. Leo hii mtoe mlangoni, asirudi hata kwa saa moja. Kisha nenda kwake nyumbani, si kwa simu na si ofisini. Mwambie ulichokiona kwa maneno machache, halafu unyamaze umwache aseme. Mpeleke mwenyewe kwa daktari wa macho, huenda kuna kinachotibika. Mkitoka huko, nendeni pamoja kwa binti ya Elvira na picha mkononi, na wewe ndiye uanze: "Nilikudanganya." Mkinyang'anywa kazi ya nyumba ile, na mnyang'anywe.

Wala usimtafutie Orest kiti cha huruma cha kukalia akinywa kahawa. Aliyekufundisha kumsemesha mlevi anaweza kuwafundisha na wageni wanaoingia kazini. Lakini mwulize, usimpangie. Ni mtu mzima.

Bernadette

*

Baada ya siku ishirini Aili aliandika tena. Nachapa kwa ruhusa yake.

Tulikwenda kwa binti ya Bi Elvira. Alitufokea, haki yake, Orest amesimama kofia mkononi hajitetei. Nyumba ile wametuondoa. Daktari amesema jicho moja lina mtoto wa jicho na litapasuliwa mwezi ujao, la pili limekwenda. Walinzi wote wanapimwa, nami nilianza. Kuhusu kufundisha, Orest ameniambia atafikiri, na bado anafikiri, simharakishi.

Lakini ninachotaka ujue ni ile siku ya kwanza, jikoni kwake. Nilisema, nikanyamaza ulivyoniagiza. Birika likachemka. Nilidhani atanifukuza. Akanyoosha mkono, akaupapasa mezani mpaka akaupata wangu.

"Asante, binti yangu," akasema. "Nilikuwa nimechoka kukariri."