Vidole vya Baba Yako

Bigwa, Morogoro
20 Aprili 2024

Mpendwa Jastin,

Najua ungeanza na shikamoo, nami naitikia marahaba, ingawa safari hii sijui kama nastahili. Hujambo huko Mwanza? Mkeo Jesca na mtoto hawajambo? Sisi huku tunaamka, ila baba yako ana bandeji. Nimejaribu kukupigia simu. Kila mara nakata kabla hujapokea.

Wamekwambia amejikata kwa fyekeo. Si kweli. Nilimkata mimi.

Unaijua bustani yangu nyuma ya nyumba: mchaichai, mrehani, mnanaa, na ile rozimeri inayonifika kiunoni. Mtaa mzima huja kuomba majani ya chai. Bibi yako, mama yetu, alinigawia kipande kile baba yako akiwa amekaa palepale.

Jumanne asubuhi nilimkuta ameshafyeka mchaichai wote. Anataka kujenga vyumba vya kupangisha. Nikamwambia, "Kaka Fransisko, acha." Akajibu, "Mwanamke aliyeachika hana kiwanja hapa," akahamia kwenye mrehani. Nikamkamata shati. Akanizaba kofi, nikaangukia mawe ya tuta, damu ikanijaa mdomoni. Niliponyanyuka, jembe lilikuwa mikononi mwangu.

Alijikinga kwa mkono wa kushoto. Vidole viwili vikabaki vimeshikwa na ngozi tu. Nikainua jembe tena. Binti yangu Rehema ndiye aliyeng'ang'ania mpini akilia, "Mama, utamuua mjomba!"

Tulimfunga mkono kwa kanga yangu, tukampakia kwenye bajaji hadi hospitalini. Vidole havikuokolewa. Nesi alipodai PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, baba yako akasema bila kunitazama, "Nimejikata mwenyewe nikifyeka." Nimempelekea uji mara tatu. Anaunywa, kisha anageukia ukutani.

Mrehani nimepanda upya, umeanza kushika. Sioni raha nao.

Jastin, kilicho kibaya kuliko vidole ni hiki, na Rehema hakijui: ile mara ya pili nililenga kichwa.

Nakwambia kwa kuwa wewe ni mwanawe. Ukienda polisi, sitakana. Ukija nyumbani, mlango uko wazi, na uje umwone yeye kwanza.

Msalimie sana Jesca, umbusu mtoto. Rehema anakusalimu, na mzee Ernest jirani yetu pia. Mungu ailinde mikono yenu isije ikafanya kama yangu.

Ni mimi shangazi yako, ambaye bado nakupenda,
Judith