Jina la Kwanza Kwenye Daftari

Jumapili, 5 Februari 1956

Mkutano wa kawaida wa chama. Ukumbi wa lokesheni, mtaa wetu Waafrika, saa nane mchana. Watu thelathini na mmoja. Vumbi jeupe la ziwa limeingia tena madirishani, benchi zote kama zimenyunyiziwa unga. Nikasoma majina. Nambari moja, Zakaria Wamae, mwenyekiti. Kimya. Nikangoja pumzi moja, kama tulivyokubaliana. Nambari mbili, Festo Lubanga, karani. Huyo ni mimi. Nikajiitikia mwenyewe: "Niko." Miaka miwili sasa najiita na kujiitikia mbele ya watu wazima. Upuzi mtupu.

Mzee Zakaria yuko kizuizini. Walimchukua kazini, mwiko wa uashi mkononi. Kosa lake ni barua. Aliandika kwamba duka la dawa la Mzungu mle mjini litufungulie mlango sisi Waafrika. Wenzetu wa rangi nyingine wanaingia mbele. Sisi tunauziwa kupitia tundu la ukuta wa nyuma, karibu na mapipa ya taka. Alipochukuliwa tukakubaliana jina lake lisomwe kila mkutano mpaka arudi. Tena kanuni ya tisa ya chama inasema mwenyekiti haondolewi akiwa hayupo kujitetea. Kanuni hiyo aliiandika yeye. Mjanja sana, mzee yule.

Hapa hakuna anayenisoma, basi niseme. Kile kiti nakitaka. Barua naandika mimi, vibali naomba mimi, matusi ya ofisini nakula mimi. Lakini mimi ni kaimu. Kaimu, kaimu, kaimu. Nimechoka kuitwa hivyo.

Jumanne, 7 Februari

Binti yangu ana homa. Nilitoroka kazini, stoo ya mizigo ya reli, saa ya chakula, nikapanga foleni kwenye tundu. Jua la kuchoma. Unasema shida yako ukutani, unangoja. Mkono unatoka na chupa, mkono unarudi. Uso huuoni, na wenyewe hawauoni wako.

Mwaka jana Petro Odhiambo, seremala wetu, alipewa hapo chupa isiyo ya mtoto wake. Aliyeitoa hakumwona mtoto wala hakumwona Petro. Tulimzika yule mtoto siku ya Ijumaa. Petro bado ni mcheshi, anawachekesha watu kila mkutano, lakini hapiti tena barabara ile.

Nilinusa chupa yangu njia nzima hadi nyumbani.

Alhamisi, 9 Februari

Bwana D.O., ofisa wa wilaya, amenirudishia barua yetu ya tundu. Majina arobaini yamo, hakuyatazama. Anasema serikali haipokei barua ya kaimu. Chama kiwe na mwenyekiti, mwenyekiti asimame mbele yake, ndipo agonge muhuri. Halafu akalainika. Eti nilifute lile jina la kwanza, nichaguliwe mimi, barua itapokelewa siku hiyo hiyo. Na kuna nafasi kwenye baraza la mji kwa Mwafrika mwenye busara.

Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyotembea.

Jumapili, 12 Februari

Niandike kwa mpangilio.

Watu thelathini na wawili. Koplo Kimaru kwenye kona yake na daftari la polisi, anaandika kila neno kama sheria inavyotaka. Nikasoma nambari moja, Zakaria Wamae. Nikangoja.

Nyuma kabisa ya ukumbi mtu akasema, "Niko."

Si kwa kelele. Sauti kavu, ya mtu aliyekaa siku nyingi bila maji. Tuligeuka wote pamoja. Benchi la nyuma lilikuwa tupu. Vumbi lake halikuguswa, niliona kwa macho yangu. Hakuna aliyecheka. Koplo akaandika. Nikasoma nambari mbili, na jina langu likanitoka kama la mtu mwingine.

Jumatatu, 13 Februari

Ni mchezo wa Petro. Yeye huiga sauti za watu, hata ya padri. Nilimfuata karakanani jioni baada ya kazi nikamkaripia. Akaweka randa chini. Alikuwa ameketi benchi la mbele, aliniuliza kama nimesahau. Kweli, alikuwa mbele, karibu niguse goti lake. Na macho yake yalikuwa mekundu. Nikaomba radhi, vibaya vibaya, nikaondoka.

Jumatano, 15 Februari

Mama Tabitha amekuja, mke wa Mzee Zakaria. Anafua mashuka katika hospitali ya misheni, mikono yake imekwajuka kwa sabuni. Watu walikwisha kumwambia. Hakuketi. Aliniuliza neno moja tu.

"Alikohoa kwanza?"

Nikaitikia kwa kichwa. Alikohoa. Kikohozi kidogo, cha kusafisha koo, kabla ya "Niko." Sikumwambia mtu. Hata humu sikukiandika.

"Basi ni yeye," akasema, akaenda zake kazini.

Sina raha. Nimeogopa mchana kweupe, mtu mzima mwenye funguo za stoo nzima ya reli.

Jumapili, 19 Februari

Watu thelathini na tisa. Kibali chetu ni cha arobaini. Hata wasiolipa ada miezi yote wamekumbuka leo kwamba ni wanachama.

Nilisoma. Kikohozi. "Niko."

Safari hii si benchi la nyuma. Ilikuwa katikati, kati ya mpishi wa hoteli na mzee wa kanisa. Walikuwa wameacha nafasi katikati yao bila kujua kwa nini. Mzee wa kanisa alitoka nje kutapika. Koplo Kimaru aliandika, kisha akaangalia alichoandika kwa muda mrefu.

Anasogea mbele. Hakuna aliyelisema. Kila mtu alikuwa anapima kwa macho, kutoka pale hadi kwenye meza yangu.

Jumatano, 22 Februari

Nimeitwa kwa Bwana D.O. Ripoti za koplo mezani kwake. Jumapili mbili: Zakaria Wamae, yuko. Aliuliza kama namfanya mjinga. Amepiga simu kambini. Zakaria yuko kule kule, anahesabiwa asubuhi na jioni, hajatoka hata hatua.

Kisha akasema jambo lingine, kama mzaha. Yule mzee ana kiburi hata kule. Mwezi mzima huu hajaitikia jina lake kwenye hesabu. Wamemnyima chakula, wamemwekea jiwe kichwani, haitikii. Siku hizi askari anamhesabu kwa kidole.

Nywele zilinisimama. Bwana D.O. alikuwa anawasha kiko, hakuona.

Kwake yeye hesabu ni rahisi. Kuna mtu ukumbini anayeitika badala ya mfungwa, kuchochea watu. Nimpe jina kabla ya Jumatano ijayo. Nisipotoa, chama kinafungwa na watu wote arobaini wanapelekwa kuhojiwa. "Andika jina moja tu, Festo. Hata yule seremala. Si ana uchungu na lile duka?" Nikiandika na kumfuta mwenyekiti, mimi ndiye mwenyekiti, na barua itagongwa muhuri.

Sikusema hapana. Nilisema nitafikiri, nikashukuru. Nikashukuru! Nikaufunga mlango polepole nisimsumbue.

Ijumaa, 24 Februari

Nimemweleza Mama Tabitha habari za kambini, nikidhani atalia. Alicheka, machozi yakafuata baadaye.

"Wewe humjui huyu mzee. Akikasirika hapa nyumbani alikuwa hanijibu siku tatu. Lakini kwa jirani unamsikia anaongea."

Nimeandika barua ya Bwana D.O. Jina la Petro limo. Mistari minne tu. Nimejiambia mtu mmoja kwa faida ya arobaini. Nimejiambia lile tundu litazibwa, watoto hawatakufa tena. Nimejiambia mengi. Mke wangu Eseri aliniuliza ninaandika nini, nikasema ni hesabu za stoo.

Jumapili, 26 Februari

Niliingia ukumbini na barua mfukoni. Niliazimia kuanza na nambari mbili. Nambari moja niiruke, nisimpe nafasi, kisha nitoe hoja ya kumfuta. Meza yangu iko pale pale, na ubavuni kile kiti alichokiunda Petro mwenyewe. Hakuna aliyekikalia tangu mzee aondoke. Vumbi juu yake lilikuwa nene.

Nikasoma, "Nambari mbili. Festo Lubanga."

Nikafungua mdomo nijiitikie. Hakikutoka kitu. Nikajaribu tena. Koo lilikuwa zima, pumzi inapita, neno halipo. Watu wote walikuwa wanatazama mahali niliposimama, na naapa walikuwa wanatazama ukuta ulio nyuma yangu. Mpishi aligeuza kichwa huku na huku kama mtu anayenitafuta.

Koplo Kimaru akauliza kutoka konani, "Karani, uko ama hauko?"

Nikamwona akiinamisha kichwa, akaandika.

Sijui nilisimama hivyo kwa muda gani. Nilishika meza. Nikarudi juu ya ukurasa nikaweka kidole kwenye jina la kwanza, na hilo nikaweza kulisoma. "Zakaria Wamae."

Kikohozi. "Niko."

Kwenye kiti. Ubavuni kwangu, karibu na kiwiko. Nilitazama. Vumbi lilikuwa limelala vile vile, hata alama ya kidole hakuna. Nikasoma jina langu, na sauti yangu ikarudi, nikaitika kama mtoto wa shule. Hoja sikuitoa. Petro alinitilia maji kwenye kikombe, akasema nimekuwa mweupe, sasa naweza kuingilia mlango wa mbele pale dukani. Watu wakacheka kwa kutaka kucheka. Mimi nilikuwa na jina lake mfukoni.

Jumanne, 28 Februari

Nimeichoma ile barua jikoni. Nimeandika nyingine.

Nimemwandikia Bwana D.O. kwamba aliyeitika ni mimi. Kila Jumapili, mimi, kwa niaba ya mwenyekiti wetu, na wengine hawakujua. Ni uongo. Nimekuwa karani miaka kumi na moja na huu ni uongo wangu wa kwanza wa maandishi. Lakini unanichukua mimi peke yangu. Pamoja nayo nimefunga ile barua ya tundu na majina yake yote.

Nilipomwambia Eseri aliendelea kuchambua mchicha. Halafu akaniuliza kama nimefikiria watoto. Nikasema ndiyo. Akasema sikufikiria, ningefikiria nisingeandika. Ana haki. Tumelala tumepeana migongo.

Alhamisi, 1 Machi

Jibu limekuja kwa tarishi. Bwana D.O. atakuja mwenyewe Jumapili, aisikie hiyo sauti yangu. Nikiitika, shauri ni langu peke yangu. Nisipoitika, basi nimemdanganya kumficha mtu, na wote tutapanda lori.

Naogopa. Siogopi kiti sasa. Naogopa lori.

Jumapili, 4 Machi

Arobaini kamili. Bwana D.O. kwenye kiti cha kukunja, askari sita mlangoni. Mama Tabitha dirishani, nje, kwa kuwa si mwanachama. Upepo ulikuwa umekatika, vumbi limesimama hewani.

Nikasoma nambari moja. Nikangoja pumzi moja.

Kimya. Nikangoja ya pili. Nilimhitaji leo kuliko siku zote, na leo hakuja. Petro aliinua macho, nikaona anataka kusimama. Anajua Bwana D.O. anamshuku yeye. Angesema ni yeye ili mimi ninusurike, na mimi nilikwisha kumuuza kwenye karatasi siku nne nzima.

Nikakohoa. Sikukusudia kukohoa.

"Niko."

Sauti haikuwa yangu. Ilitoka kinywani mwangu, ulimi ulikuwa wangu, lakini ilikuwa kavu na nzee, na koo langu liliuma kwa kiu. Dirishani Mama Tabitha alifunika uso kwa kanga. Penseli ya Koplo Kimaru ilianguka, hakuiokota. Na nilikuwa nimeketi. Nilikuwa kwenye kile kiti. Kukiendea sikumbuki.

Bwana D.O. aliuliza kama mwenyekiti wa chama yupo mbele yake. Alikuwa anakejeli. Nikaitika tena, "Niko." Nikamwambia basi apokee barua, ndilo sharti lake mwenyewe. Watu arobaini walikuwa wanamtazama. Uso ulimwiva. Akatoa muhuri kwenye mkoba wake akagonga juu ya goti, kwa hasira, karatasi ikatoboka. Umegongwa. Imepokelewa, tarehe ya leo, Nakuru.

Nimepewa mpaka kesho asubuhi nikabidhi vitabu.

Jumatatu, 5 Machi

Asubuhi tulivu. Mlima Menengai unaonekana wote. Eseri amekunja blanketi na sweta, ameweka na sabuni. Alinifunga vifungo vya shati kama siku ya harusi.

Petro amekuja kuchukua daftari, yeye ndiye karani sasa. Nikamwambia lile jina nililoliandika tarehe ishirini na nne. Akasema alijua, uso wangu haufichi kitu. Kisha akafungua daftari kwenye ukurasa mpya, akachora mistari kwa rula. Nambari moja, Zakaria Wamae. Nambari mbili, Festo Lubanga. Jina lake akaliweka la tatu.

Akauliza kama kuna la kuongeza. Nasikia lori linapanda kutoka barabara ya stesheni. Nimemwambia akifika kwenye jina langu asiharakishe, angoje pumzi mbili, kwa kuwa sijui wananipeleka mbali kiasi gani.