Taa za Magotini

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Njombe tu wazima, bibi anakusalimu. Umeuliza kwa nini nimeshusha taa za ulinzi kutoka mita nne hadi magotini. Fundi wa Makambako alinibishia, "Mzee, taa hukaa juu!" Lakini kule juu zilikuwa zinamulika ukungu tu.

Ujanani mwangu, usiku mmoja wa ukungu, mama aliweka chemli chini, mlangoni pa ghala la mbegu za viazi za msimu. Nikaona miguu miwili inaelea kwenye weupe wa ukungu, kama haina mtu. Niliitambua: ya baba mdogo, anakuja kuiba mbegu. Nikataka kupiga yowe, mama akaniziba mdomo.

"Shemeji," aliita, "njoo ule kwanza."

Miguu ikasimama, kisha ikaja. Madebe yetu sita ya mbegu yakabaki sita. Kinyongo naye ninacho bado, lakini msimu ule mbegu tulizipanda sote, yeye pia.

Babu yako