Jina Haturudishi

Karakana ya Makochi,
Nyuma ya kituo cha mafuta,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka Mrefu,

Hujambo huko kwenye baridi? Kifua kimepona, au bado unakohoa kama pikipiki mbovu? Sisi wazima. Baba magoti yanamsumbua, lakini nikigeuka tu, yuko juu ya ngazi anapigilia misumari.

Majibu ya vile vipimo vya DNA ulivyotutumia, ili tujue jina la ukoo wetu lilitoka wapi, yamefika. Najua umeyaona kabla yetu, ndiyo maana umekuwa kimya. Mate ya baba yangu na mate ya babako hayakupatana. Mama mmoja, baba wawili. Usijilaumu kaka, kuuliza si ujinga.

Ila babako alituitia kikao kesho yake. Akasoma karatasi kama hakimu, kisha akasema jina tulirudishe, watoto wetu watafute la kwao. Baba aliangalia mikono yake tu. Miaka sabini na mmoja analiitikia jina hilo!

Nikamwambia, "Baba mdogo, jina si koti la kuazima."

"Wewe mwanamke," akanijibu, "ungeliacha tu ulipoolewa."

"Nimeolewa mwaka wa tisa huu. Kasome jina lililoandikwa juu ya mlango wa karakana."

Hapo Shangazi Mkubwa akagonga kikombe mezani. Unajua yeye ni wa mke wa kwanza wa Babu, aliyefariki mapema. Bibi yetu alipoletwa nyumbani, Shangazi alikuwa na miaka minane na macho yanaona.

"Mama yenu aliingia na tumbo la miezi saba," akasema. "Baba yetu alijua, mtaa mzima ulijua. Mkunga alipouliza baba wa mtoto aandikwe nani, akasema, 'Niandike mimi.' Sasa wewe unayetaka kufuta, umemzidi nini aliyeandikisha?"

Shangazi anasema hakulificha jambo hilo, ila hakuna aliyewahi kumuuliza.

Baba akainuka, magoti yake hayo hayo, akasema, "Baba yangu ni yule yule," akatoka kwenda kumalizia kochi la mteja.

Babako hajakanyaga hapa tangu siku hiyo. Mwambie mlango uko wazi na chai ipo, lakini jina halijadiliwi. Tuliuliza lilitoka wapi, tumejua: kwetu lilitoka mdomoni mwa Babu. Mwenye kulitaka akamdai yeye.

Jumatano nilikwenda kumwandikisha kichanga wangu. Karani akauliza jina la ukoo. Nililitamka hadi foleni nzima ikageuka. Mume wangu akacheka, akasema hata angetaka la kwake asingethubutu.

Wifi na watoto wasalimie sana. Shangazi anakuombea kifua, Baba anakuombea kazi njema. Mungu akutunze, akurudishe kwetu ukiwa mzima, ukae kwenye kochi nililolishona kwa mkono wangu.

Dada yako akupendaye, na asiyetikisika,
Fundi Sindano