Mama, Nilikuandika "Hayupo"

Shikamoo Mama. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia.

Leo ni wiki ya tatu tangu tukuzike bila padri, na aliyesababisha ni mimi. Niseme hilo kwanza kabla machozi hayajanizuia.

Unanijua: katibu wa jumuiya yetu ya kanisa, rozari shingoni, kimbelembele namba moja. Kila Jumamosi asubuhi tulisali nyumba kwa nyumba hapa Gongo la Mboto, nami nikishika daftari la mahudhurio. Kwenye jina lako niliandika "hayupo". Miezi minane, Mama. Nilikugombeza: "Mama unaniaibisha bwana, watu wananiuliza." Ukacheka tu. "Niombeeni na mie huko, nina shughuli." Nikadhani imani imepoa. Nilikuombea kwa sauti, wenzangu wakaitikia, nami nikajiona mtakatifu.

Ulipoanguka ghafla ukatutoka, katekista aliuliza msibani kama ulikuwa unahudhuria. Si unaujua utaratibu wetu: asiyesali na wenzake hazikwi kwa misa. Macho yote yakanigeukia. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza hata kulia tu. Lakini nilifungua daftari nikasoma, na sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo linaloniua.

Tulipokuwa tunajiandaa kwenda makaburini, majirani wakamleta Bi Mwajuma kwenye kiti, yule bibi aliyepooza wa nyumba ya pili. Akagusa jeneza. "Huyu ndo alokuwa ananiogesha mie kila Jumamosi, binti yangu akiwa sokoni Buguruni." Katekista akainamisha kichwa. Padri alikuwa hajaitwa, na kaburi lilikuwa tayari.

Sala zote ninazijua, lakini tangu siku hiyo hakuna hata moja ninayoiweza. Nazikariri tu, Mama. Huyo Mungu uliyekuwa ukimtumikia kimyakimya, mimi simjui.

Jumamosi iliyopita sikwenda jumuiya. Nilichemsha maji nikaenda kwa Bi Mwajuma. Nilimwogesha vibaya, sabuni ikamwingia machoni, hakulalamika. Nilipokuwa namfuta akaniuliza, "Mwanangu, umekuja kwa ajili yangu au kwa ajili ya mama yako?"

Nikaendelea kumfuta mgongo.

Pumzika, Mama yangu. Nisamehe. Jumamosi nitakwenda tena, na inayofuata, mpaka siku nitakayoweza kumjibu bila kumdanganya.

Mwanao,
Sabina