Sauti ya Mama Nyuma ya Pazia

Jumatano, 4 Machi 1953

Daftari, niwie radhi. Tangu nijifungue sijakushika. Miezi saba. Kalamu nimeikuta ndani ya kopo la binzari, wino umekauka. Naandika kwa penseli ya Salumu ya kazini.

Leo kama jana. Bombani, foleni. Uji. Nguo za mtoto kambani. Zuhura kalala saa nne asubuhi ndipo nikakaa. Nimechoka mpaka macho yanacheza.

Nikatia gramafoni ufunguo, nikaweka santuri ya Mama. Nilitaka mtoto aamke kwa sauti ya bibi yake. Jina ni la bibi, lakini bibi mwenyewe hakumwahi. Ngoma ikaja vizuri, imejaa chumba. Mama akaja kwa mbali, kama anaimba nyumba ya tatu na milango yote imefungwa. Juu yake mchakacho, dagaa kwenye mafuta ya moto.

Mama hakuwa hivyo. Mama akiimba jikoni kwetu, mtaa wa Gerezani, vikombe vya kabatini vilikuwa vinalia. Mie nipo uani nafua, namsikia hadi anapovuta pumzi.

Zuhura kaamka, kacheka. Kacheka ngoma. Bibi yake hakumsikia.

Nimeumia.

Ijumaa, 6 Machi

Salumu anasema ubovu ni wa gramafoni. Mume wangu kila kitu kwake ni mashine, anashinda na winchi bandarini Kurasini. Leo karudi na kichwa cha gramafoni cha kuazima kwa mwenziwe, kipya, kinang'aa. Kafungua, kafunga, ulimi nje kama mtoto wa shule anayeandika.

Tukapiga. Ngoma imezidi. Mama yuko palepale.

Akanitazama kama mtu aliyevunja chombo cha watu. Nikamwambia anywe chai, inapoa. Mwanamume mzuri. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimetumaini kuliko yeye.

Jumapili, 8 Machi

Wifi Tatu kaja, dada yake Salumu. Binti yake anaolewa tarehe 21. Anataka santuri ya Mama ipigwe shughulini kutwa nzima, maana ule wimbo ni wa kumuaga bibi harusi. Nikamwachia mtoto, nikaenda bombani. Narudi, anaipiga. Mara ya nne, kajisifu mwenyewe.

Kwa sindano ileile! Sindano ya chuma ni ya upande mmoja wa santuri, basi, unatupa. Kila mwenye gramafoni anaambiwa hivyo siku anayonunua, na kila mmoja anasahau. Ikishakuwa butu inachimba. Juu ya mistari nimekuta unga mweusi. Nikaufuta kwa kidole. Ndipo nikaona ninachofuta ni nini.

Nikamwambia, "Wifi, sindano hiyo imekufa."

"Imekufa na bado inaimba? Nikifa nataka nife hivyo."

Hata sikuweza kucheka. Nikasema habari ya harusi nitafikiri. Uwongo. Nilikwisha kufikiri.

Alhamisi, 12 Machi

Nimekwenda Mbagala na Zuhura mgongoni, kwenye lori la mkaa lililokuwa linarudi tupu. Vumbi mpaka kwenye meno. Nilimfuata Bi Mwajuma. Ndiye aliyekuwa akimwitikia Mama katika kikundi chao, wengine wote wamekwisha kufa au kuhama.

Nimemkuta barazani anasuka ukili. Shikamoo, marahaba. Halafu: "Umekonda, mwanangu. Huyo mtoto anakunywa wewe mzima."

Nikamuuliza kwa nini Mama yuko mbali vile kwenye santuri. Akacheka mpaka ukili ukamponyoka.

Siku ya kunasa sauti, Mzungu wa kampuni alikuja Kariakoo na makasha yake. Akapanga watu: mwimbaji mbele, karibu na kidude cha kunasia, mpiga ngoma nyuma kabisa, mlangoni.

"Mzee Kondo mlangoni!" Bi Mwajuma kapiga makofi. "Mlangoni panakaa viatu!"

Basi Mzee Kondo, kwa umri wake, akapewa kiti cha mbele, goti lake linagusana na kidude. Na wanawake wakatundika pazia wakakaa nyuma yake, kama shughuli yoyote yenye wanaume wageni. Mzungu akasema, mkalimani akasema, wote wakaitikia ndiyo bwana, ndiyo bwana. Hakuna aliyesogea hata shubiri.

"Tulimwonea huruma," kasema. "Tulidhani hakufundishwa adabu kwao."

Kumbe ni hivyo tu. Ngoma ilipewa kiti, Mama alipewa pazia. Salumu anaweza kubadili kichwa, mkono na kasha zima, Mama hatatoka pale.

Halafu Bi Mwajuma akanipiga paja. "Na wewe si ulikuwepo?"

Nilikuwepo. Nilikuwa na miaka sita. Nakumbuka lile pazia, harufu ya udi na vumbi. Joto. Mapaja ya Mama. Ncha ya kanga yake kanitia mdomoni nisiseme. Niliinyonya mpaka ikalowa, ilikuwa na chumvi ya jasho lake.

Sikujua yaliyobaki. Ngoma ilipokoma, Mzungu alinyanyua mkono watu wasipumue mpaka azime mashine. Mie nikatema kanga nikasema, Mama, kiu. Naye akanijibu. Mzungu akashika kichwa. Lakini sahani zake za nta zilikuwa zimekwisha, hakuweza kurudia. Ikatoka hivyohivyo.

"Imo humo, mwishoni. Miaka yote hiyo hujaisikia?"

Sijaisikia. Nikamuuliza Mama alinijibu nini.

"Ee, mwanangu, nitakumbuka wapi? Kakujibu kama mama anavyojibu."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nalia, na Zuhura ananivuta kitambaa cha kichwa.

Ijumaa, 13 Machi

Sindano mpya. Nimesikiliza mwisho wa santuri, sikio karibu liguse kasha. Ngoma inakoma. Baada ya hapo mchakacho mtupu, mpaka sindano inafika kwenye karatasi ya katikati.

Mara moja tu. Niliogopa kurudia.

Nimemtukana wifi moyoni tangu asubuhi. Sasa niandike ukweli, maana daftari hili hasomi mtu. Mama alipozikwa, niliipiga santuri hii kila siku mpaka arobaini. Nilikuwa na sindano moja. Sikutaka kutoka kwenda dukani, sikutaka kuonana na mtu. Siku arobaini, sindano moja ya chuma. Nilikuwa namsikiliza Mama, na huku namtafuna.

Wifi Tatu kakuta nimekwisha kula.

Jumatatu, 16 Machi

Nimemwandikia kaka Hamisi, Muheza, kwenye shamba la mkonge. Kampuni ilimpa Mama santuri mbili, akatuachia kila mtu moja. Kaka hana gramafoni, hajawahi kuwa nayo. Nimemuuliza kama yake ingali nzima. Barua fupi. Mtoto ana homa ya meno.

Alhamisi, 19 Machi

Nimemwambia wifi: santuri haitoki nyumbani. Nikamweleza kwa nini. Hakusikiliza.

"Sauti ya marehemu unaifungia kabatini kama sukari! Mama yako aliwaimbia watu wote, hakuchagua."

Ni kweli, hakuchagua. Salumu alikuwa amekaa katikati yetu, anatazama vidole vya miguu yake. Nikarudia, haitoki. Harusini nitakuja mie mwenyewe, kuimba nitaimba mie. Wifi kasonya, kaondoka na kikapu chake bila kwaheri. Kurudi jikoni, chakula kimeungua.

Sijui kwa nini nimesema nitaimba. Sijawahi kuimba mbele ya watu.

Jumamosi, 21 Machi

Nimeimba.

Kabla bibi harusi hajatolewa, chumbani, wanawake tupu. Hakukuwa na haja ya pazia. Nimesimama katikati yao na Zuhura mgongoni, maana alikataa kushikwa na mtu. Ubeti wa kwanza sauti ilikwama. Wa pili ikatoka. Sina sauti ya Mama, nina kipande chake. Lakini wale wamama wakubwa walifumba macho, wakawa wanaitikia mahali hasa alipokuwa akiitikia Bi Mwajuma. Sikujua kwamba bado wanakumbuka.

Zuhura katulia. Kalaza sikio mgongoni kwangu, muda wote.

Wifi Tatu kalia mpaka wanja ukamchuruzika. Baadaye kanipakulia pilau sahani ya watu watatu. "Kula. Ungesema mapema kwamba unajua, tusingetukanana." Ndiyo kuomba msamaha kwake. Nimekula yote.

Ijumaa, 3 Aprili

Mvua. Mtu aliyetoka Muheza kaniletea barua ya kaka na kibiriti kimoja. Ndani ya kibiriti, miiba! Ile ya ncha za majani ya mkonge. Kaka anasema karani wa shambani kwao hatumii sindano za chuma. Anaukausha mwiba, anauchonga, anauchomeka pale pa sindano. Sauti inapungua ukali na santuri hailiki. Santuri yenyewe anayo, imo ndani ya sanduku, haijaguswa na sindano hata siku moja. Kuituma mvuani kaogopa. Kafanya vizuri.

Nimechonga mmoja kwa kisu cha vitunguu, mbele ya Salumu. Kanicheka. Mashine gani inakula miti? Tukapiga.

Mchakacho ulishuka kama mtu kaepua kikaango. Ngoma ikawa ndogo, ya mzee anayepiga kwa adabu. Mama bado yuko nyuma ya pazia, lakini pazia sasa jepesi, unaona kama kuna mtu. Nilimsikia akivuta pumzi. Pumzi yenyewe, ile ya jikoni Gerezani. Salumu kaacha kucheka.

Mwishoni ngoma ikakoma. Kitu chembamba, sauti ya mtoto. Mie. Halafu mtu mzima, chinichini, maneno mawili au matatu. Yakazama mchakachoni. Sikuyapata. Lakini ule mteremko wa sauti naujua, naufanya mwenyewe kila siku juu ya kichwa cha Zuhura.

Zuhura aligeuka akatazama pazia la mlango.

Salumu kataka turudie. Nimemkatalia.

Jumapili, 5 Aprili

Mvua imepumzika. Nguo zimekauka nusu. Zuhura kapata jino la kwanza, la chini, nimelisikia kabla sijaliona.

Santuri nimeifunga kwenye kanga ya Mama, nimeilaza juu ya kabati. Kuipiga basi, mpaka ije ile ya kaka. Mtoto akilia namwimbia mwenyewe. Anazoea.

Kesho namjibu Hamisi. Niandike hapa nisisahau ninachotaka aniletee. Miiba mingine, ya majani makubwa yaliyokomaa, vibiriti viwili, hii myembamba inavunjika nikichonga. Kisu kidogo kikali, changu hakikati hata nyanya. Picha ya Mama akiwa nayo, hata iliyochanika. Na santuri yake, mvua zikikatika kabisa, isitangulie. Ilazwe katikati ya nguo, isipate jua, isikaliwe. Asimpe yule karani aijaribu, hata mara moja, hata kwa mwiba. Mara ya kwanza iwe hapa, mchana, mie na Zuhura tumekaa.

Na atakayeibeba awe mtu anayejua kubeba mtoto.