Aliyenibwaga

Boma la Arusha, Jumanne jioni

Mbavu zinaniuma, na hilo ndilo jambo jema pekee la leo.

Tangu nivae kofia ya askari wa Mjerumani, hakuna mwenzangu aliyewahi kunibwaga kwenye mazoezi ya mieleka. Nikimgusa mtu bega, anaanguka kama mgomba uliokatwa. Wote wanajua kwamba shaushi wetu, mkubwa anayetuamrisha, ni shemeji yangu, amemwoa dada. Wakishikana wao kwa wao wanaumizana kweli, halafu wanacheka na kula sinia moja. Mimi nakula peke yangu, na ushindi wangu.

Leo nikapewa Ndewario, Mmeru wa Kikwe aliyejiunga juzi. Hakuna aliyemwonya. Akanikamata kiuno, akaniinua, akanitupa chini hadi mdomo ukajaa vumbi.

"Wewe! Mguu wa kushoto unauacha wazi," akasema, akanipa mkono niinuke. Nilifurahi mno! Nilitaka turudie palepale.

Kumbe shemeji yuko barazani, anatazama. Ndewario akapelekwa kubeba mawe ya ukuta mpaka jua likazama. Nilimwomba shemeji amwachie.

"Nyamaza. Dada yako akiziona hizo mbavu, atanilaumu mimi."

Nikampelekea Ndewario maji. Viganja vyake vimechubuka vibaya. Nikamwambia kesho tushikane tena, na safari hii mguu nitaufunga.

Akasimama wima kama mbele ya Mzungu.

"Ndiyo, bwana."

Basi. Kesho nitamgusa bega tu, naye ataanguka.